Mota ya Mguu Mfupi

Jumanne, 3 Juni
Kipili, ziwani. Samaki haba, migebuka wachache tu, kisha bega la kulia likagoma. Linawaka moto. Kasia limenishinda. Mama Dio ndiye aliyepiga mpaka ufukweni, kanga kiunoni. Watu wote wameona. Jioni mwanetu Dio kapiga simu tena kutoka Sumbawanga: baba, pandeni huku, chumba kipo. Chumba! Nikaote moto nikisubiri kufa? Siendi. Nitanunua mota ya betri, basi.

Jumamosi, 7 Juni
Sumbawanga. Baridi ya kukata masikio. Dukani zilikuwapo mbili, ya mguu mrefu na ya mguu mfupi, mguu ule unaoshusha panga majini. Dio akasema, "Baba, chukua ndefu, ziwa lina mawimbi." Muuza mahindi huyu, ziwa kalijulia wapi? Nimechukua fupi. Nyepesi, hata bega hili litaiinua. Ukweli wenyewe: angenyamaza, ningechukua ndefu.

Jumatano, 11 Juni
Tumeifunga. Nyuma ya mtumbwi iko juu mno, panga zinagusa maji kwa mbali tu. Fundi Kasiano kashauri niirudishe dukani, nibadilishiwe. Nirudi mbele ya Dio nikaseme nini? Nikamwambia akate ubao wa nyuma, mota ishuke. "Mzee, maji yatapitia hapo." Kata! Ubao ule aliushika marehemu baba, mimi nikapiga misumari. Msumeno haukuchukua muda. Chakula kimenishinda.

Jumamosi, 14 Juni
Inakwenda! Jamani, inakwenda! Kimya kimya, kama inateleza. Tumezunguka kisiwa cha karibu, maji yametulia, Mama Dio kacheka kama zamani. Nimempigia Dio nikamringia. Wacha niringe.

Jumanne, 17 Juni
Tulivuka visiwa. Upepo wa kusini ukatukuta wazi. Nyuma ikiinuka, panga zinazunguka hewani, mota inalia bure. Ikishuka, ziwa linaingia palepale nilipokata. Nikashika kasia, bega likakataa. Mama Dio alichota maji kwa sufuria huku anasali Salamu Maria, sauti ya mtu anayeaga. Boti ya watu wa Kabwe ndiyo iliyotuvuta. Ufukweni akasema, "Baba Dio, mimi ziwani simo tena." Akaenda nyumbani peke yake. Mjinga mimi. Mjinga kabisa. Nimetaka kumzamisha mke wangu ili nisimsikilize mtoto.

Alhamisi, 19 Juni
Nimetangaza kuuza mtumbwi. Wamekuja, wameona pale nyuma, wameguna, wamekwenda zao. Nani ataka chombo kilichoachama? Kasiano kasema ataweka ubao mpya. Wa nini? Peke yangu siwezi, na Mama Dio sithubutu kumwomba. Kwisha habari yangu. Nimeugeuza mtumbwi kifudifudi. Nimeketi juu yake mpaka mbu wakanifukuza.

Jumapili, 29 Juni
Sumbawanga, chumba kile kile cha Dio. Misa ya kwanza, halafu jiko la mkaa. Dio hajauliza habari za mota, si ndefu si fupi. Afadhali angenisema. Mchana ugali wa ulezi na mgebuka mkavu wa sokoni. Mama Dio kanipa kipande cha katikati, kama siku zote. Nimekula.
Tangu tuje huku, bega halijauma hata mara moja.