Naoga Mwenyewe, Daktari

Jumatano. Joto la kufukuta hapa Pongwe, na kichwa changu kimevurugika kuliko hali ya hewa.

Leo nimepimwa. Niliomba mwenyewe, tena kwa barua tatu, kiwango changu cha ulemavu kipitiwe upya, maana nyonga niliyoumia jeshini lori lilipopinduka sasa imenishinda. Kiwango kikipanda, jeshi litanigharamia upasuaji. Kisipopanda, ni mimi na fimbo hii hadi kaburini.

Na nimekwenda kuharibu kwa mdomo wangu mwenyewe.

Aliyenipeleka mjini ni Bakari, mume wa binti yangu Mwanaidi. Kijana wa Chumbageni, mpole. Miaka sita ameoa kwangu na bado siwezi kula mbele yake nikamaliza sahani. Mkwe ni mkwe. Daktari, binti mdogo, akaniamkia shikamoo vizuri, kisha akamwambia Bakari abaki ndani, huenda nikahitaji kushikwa nikipanda kitandani. Nilipaswa kumwomba atoke. Lakini kumtoa mkwe mbele ya mgeni, naye ameacha kazi zake kunileta? Akabaki.

Kukunja mguu na kunyoosha mguu, hayo yalikwenda. Kisha yakaja maswali.

"Mama, unaoga mwenyewe?"

"Naoga."

"Chooni je, unachuchumaa na kuinuka?"

"Bila shida."

"Na nguo za ndani, unavaa bila msaada?"

Ewe Mola wangu! Mimi koplo mstaafu, niliyeshika lindo porini na bunduki begani, nilitamani sakafu ipasuke. Nikasema navaa. Daktari akaandika. Bakari alikuwa anasoma bango la chanjo za watoto ukutani kana kwamba kesho ana mtihani.

Ukweli ni kwamba Mwanaidi ndiye anayeniogesha. Kila asubuhi, miezi minane sasa. Nilipomsimulia alasiri, alishika kiuno.

"Mama wee, mficha uchi hazai! Sasa watakupa nini?"



Nikirudi kesho kusema nilidanganya, si wataona bibi huyu kafundishwa maneno nyumbani? Nikikaa kimya, faili linakwenda kwa wakubwa na uongo wangu ndani yake. Tena tumefundishwa kwamba kuona haya ni sehemu ya imani. Basi leo nilikuwa na haya, au nilikuwa mwongo tu? Nimegeuza hivi na vile, sijui. Kweli sijui.

Halafu nimekumbuka jambo lililonichanganya zaidi. Zile bomba za chuma ninazoshikilia bafuni, na kile kiti kilichotobolewa katikati ninachokalia chooni, Mwanaidi hakuvitengeneza. Bakari ndiye aliyepima, akachomelea, akavifunga kwa mikono yake, na hajawahi kunitamkia neno.

Sasa leo nilikuwa namficha nani?