Kiti ya Mzee Haiguswi

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Daktari wa dispensari amesema niandikenge mguu iko aje kila siku, halafu nirudi nayo asome. Sitarudi. Lakini kalamu nimeshanunua. Wacha niandike tu.

Mguu ya kushoto. Inaanza kwa matako, inashuka nyuma ya paja, inapita goti, inaishia kwa kidole kubwa. Kama mtu amepitisha stima. Nikisimama inapoa. Nikikaa inawaka. Na kazi yangu ni kukaa!

Kiti ya hii lori iko mbele sana. Magoti inagusa stering huku na huku. Ndio nikanyage klachi lazima nifungue mguu kando kama chura, nikanyage na kisigino. Sponji ilikwisha kitambo, kuna gunia imekunjwa, na chini ya gunia ni chuma. Ile chuma naijua kuliko godoro yangu.

Kurudi nyuma haiwezi. Imechomelewa chini. Mzee Mukabane mwenye lori ndiye aliichomelea, akakufa Machi, ndio mimi nikaitwa kutoka Lumakanda niendeshe. Sikumkuta. Lakini lazima alikuwa mtu mfupi sana huyo mzee.

Daktari alisema ni mshipa imefinywa. Nikiendelea kukaa hivyo mguu inaweza kufa. Alisema hivyo tu, kama mtu anasema mvua itanyesha.


Jumanne, 9 Septemba

Leo nimeongea na Chrispinus. Yeye ni kijana mkubwa wa Mzee, ndiye ananilipa. Maneno nilikuwa nimeyapanga tangu jana. Nikafika mbele yake ikapotea yote. Nikasema tu, Bosi, kiti.

Akauliza kiti imefanya nini. Nikasema inaniumiza, tukate welding, tuirudishe nyuma.

Aliangalia kando kwanza kama kuna mtu anasikia. Akasema, "Tyson. Kiti ya Mzee haiguswi."

Vitu za Mzee bado hazijagawanywa. Wanangoja ndugu yake wa Nairobi akuje, wakae chini na wazee wa ukoo, kila kitu itajwe ni ya nani. Lori inaweza kufanya kazi sababu miwa haingoji mtu. Lakini kubadilisha kitu, hapana. Ukibadilisha umejigawia.

Nikakumbuka taya ya lori, ile gurudumu ya nyuma, ilipasuka mwezi wa saba, wakanunua ingine. Nikasema na taya je? Sauti yangu ilikuwa ndogo sana.

Akasema taya ni kama viatu, zinaisha. Kiti ni mahali mtu alikuwa anakalia. Hiyo ni mtu mwenyewe.

Nalala kwa nyumba yao ya nyuma. Obusuma, yaani ugali, nakula ya jikoni ya mama yake. Nikasema sawa bosi.


Alhamisi, 11 Septemba

Foleni ya kiwanda ya sukari. Kutoka asubuhi. Mbele yangu ni trekta ya Kimutai, nyuma kuna lori mpaka barabarani. Huwezi shuka ukaenda mbali. Foleni ikisonga na haupo, wanakupita, na hakuna mtu atakuonea huruma. Kwa hivyo unakaa. Unasonga kidogo. Unakaa.

Nimejaribu kukalia tako moja. Nimejaribu kupiga magoti kwa kiti. Nimejaribu kutoa mguu kwa dirisha.

Kimutai akaona hiyo mguu. Huyu mtu ya kutoka Turbo ana mdomo! Akaita madereva wengine wakuje waone. Ati, "Tyson anauza mguu! Kilo ni ngapi?" Mwingine akasema wacha, hiyo ni mguu ya ng'ombe ya maziwa. Wakacheka mpaka wakakohoa. Na mimi nikacheka. Jina naitwa Tyson lakini sijawahi piga mtu hata kofi.

Walienda, nikarudisha mguu ndani. Ilikuwa imelala. Nikaifinya, sikusikia kitu. Kama nafinya mguu ya mtu mwingine.


Ijumaa, 12 Septemba

Mbaya. Nimeshuka lori nikashika mlango kama mzee.


Jumamosi, 13 Septemba

Mungu ni mkubwa. Ilikuwa asubuhi.

Foleni ilikuwa imesimama. Nilikuwa nimeweka gia, nimeshikilia klachi chini, nangoja. Kimutai akashuka kwa trekta akaenda nyuma ya trela yake kuangalia bolti. Ameinama, mgongo kwangu. Mguu yangu ikalala. Sikujua! Nilifikiria bado nimekanyaga. Kisigino ilikuwa imetoka kwa klachi, na mimi sijasikia.

Lori ikaruka mbele.

Niligonga breki na mguu ya kulia, injini ikazima. Bampa ilisimama kwa shati ya Kimutai. Si karibu na shati. Kwa shati.

Aligeuka polepole. Aliangalia bampa, akaniangalia mimi, akakuja mpaka dirisha. Nilijua ananipiga. Akauliza, "Ni mguu?" Nikasema ndio. Akasema, "Kijana, hiyo kiti itakufunga jela kabla ikuue. Na mimi utakuwa umenimaliza na bado nina watoto wadogo."

Akarudi kwa trekta yake. Hakuambia wengine. Hiyo ndiyo imeniumiza zaidi, kwamba hakuambia wengine.

Nikiacha kazi nitarudi Lumakanda kukalia nini? Shamba yetu ni ile ile na ndugu ni wengi. Nikikaa kwa kiti nitaua mtu. Nikigusa kiti nafukuzwa. Nimezunguka hayo matatu siku mzima.


Jumapili, 14 Septemba

Nilisema nitaongea na Mama Navalayo mwenyewe, mjane wa Mzee, mama yake Chrispinus. Akikubali yeye, nani atakataa?

Nilimpata ametoka kanisa, bado amevaa kitambaa ya kichwa. Ni mama mfupi wa mwili mdogo, ukimpita njiani unaweza fikiria ni msichana wa shule. Akanikaribisha sebuleni, akaenda kuleta chai. Mimi nikabaki naangalia ukuta. Naangalianga vitu sana, sababu kuongea siwezi.

Kuna picha ya Mzee. Sikuwa nimewahi ingia mpaka hapo ndani. Amesimama kwa mlango na vijana wake wote, na kichwa yake inakaribia kugusa juu ya mlango. Chrispinus amefika kwa bega yake. Chrispinus ni mrefu!

Mzee hakuwa mfupi. Mzee alikuwa mrefu kuliko mimi.

Sasa kiti ilichomelewa huko mbele sababu ya nani?

Mama akaingia na chai. Nikasimama nipokee, mguu ikakataa, nikashika meza. Akauliza nina nini. Nikasema mguu tu.

"Gani?"

"Ya kushoto, Mama."

Akaweka birika chini. Akasema Mzee pia alikuwa anachechemea, miaka yake ya mwisho. Ya kushoto. Watu walisema ni sukari. Akaenda akapimwa, sukari haikuwa. Kila mtu alimuuliza ni nini, anasema ni uzee.

Aliniangalia magoti muda mrefu, mpaka nikaona haya. Akaingia chumbani na hakutoka tena. Chai nilikunywa peke yangu. Ile nilikuja kusema, sikusema.


Jumanne, 16 Septemba

Nimefanya. Yaani bado, lakini nimeongea.

Karibu na geti ya kiwanda kuna kibanda ya welding. Fundi ni msichana, anaitwa Muhonja, alisomea hiyo kazi kwa chuo ya ufundi ya Sigalagala. Foleni ilisimama mbele yake nikashuka. Nilianza kuongea naangalia viatu yake. Viatu imetobolewa na moto kila mahali.

Akapanda kwa kabini, akalala chini ya stering, akapiga na nyundo. Akasema reli ya kiti ilivunjika kitambo, haishiki, ndio mtu akaamua kuchomelea mahali moja tu. Kiti iko na miguu nne. Atakata nne, ataisukuma nyuma, atachomelea tena. Sio kazi kubwa. Kitu inaogopesha ni moto, sababu ya majani ya miwa, lazima tumwage maji kwanza na magunia mbichi.

Akanicheka. "Na mwenye alichomelea hapa alikuwa anafikiria nini? Hii ni kiti ya mtu wa darasa la tano!"

Sikumwambia mambo ya Mzee. Tumesema Alhamisi nikiwa foleni. Chrispinus haendangi kiwandani Alhamisi, anakuwa kwa wakataji wa miwa.

Nitamwambia ilikatika yenyewe. Vyuma zinakatika.


Jumatano, 17 Septemba

Sijakula vizuri. Mama Navalayo amenipakulia mwenyewe, akaongeza ingokho, paja mzima ya kuku. Hajawahi. Aliniuliza kesho napeleka miwa saa ngapi. Nikamwambia. Kwa nini nilimwambia?


Alhamisi, 18 Septemba

Niko upande wa abiria. Naandika hapa hapa, sababu nisipoandika nitapiga kelele.

Tulifika mbele ya kibanda. Muhonja akavuta waya, tukamwaga maji, tukaweka magunia. Akavaa miwani, akaingia chini na grinda. Cheche ziliruka! Kimutai, trekta yake tena mbele yangu, alisimama na ndoo ya maji kama askari wa zima moto, anaomba Mungu kwa Kinandi. Mguu ya kwanza ya kiti ikakatika. Ya pili. Nilisikia kiti inalia kama kitu imeachiliwa, na mimi roho yangu pia.

Halafu pikipiki ikasimama. Mama Navalayo akashuka. Amevaa viatu za kanisa.

Muhonja alizima grinda bila kuambiwa.

Mama akauliza, "Mmekata ngapi?"

"Mbili, Mama." Hiyo ilikuwa sauti yangu.

Nilingoja matusi. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria nguo zangu ziko wapi, ni ngapi nitabeba. Hakutukana. Alipanda lori. Si upande wa abiria. Alishika mlango, akaweka mguu kwa ngazi, akajivuta, akakaa kwa kiti. Bila kutafuta mahali pa kushika! Na miguu yake ikafika. Klachi, breki, mafuta. Magoti haikugusa stering. Ni kama kiti ilipimwa na fundi wa nguo.

Kimutai akaweka ndoo chini.

Aliongea akiangalia mbele, si kwetu. Ati Mzee alikuwa anamfundisha. Jumapili vijana wakiwa mpira, huko chini kwa shamba mahali miwa imekatwa, hakuna mtu wa kuona. Sababu wangesema mama ameshinda mzee akili. Reli ilipovunjika Mzee akasema kiti inaweza kukaa mahali moja tu, kwangu ama kwako. Akaichomelea kwa kipimo ya Mama. Akamwambia siku utafikisha mzigo kiwandani wewe mwenyewe, hiyo siku ndio tutairudisha nyuma.

"Nilikuwa naogopa," akasema. "Kila mwaka nasema mwaka ujao. Na yeye anachechemea tu, ati ni uzee."

Akafuta stering na kitambaa yake. Akasema, "Nikifikisha, mkate zote. Chrispinus nitamwambia mimi."

Muhonja alisema Mama, kiti imeshikwa na mbili tu, inacheza. Mama akasema imecheza kutoka kitambo.

Nyuma walianza kupiga honi. Foleni mbele ilikuwa imesonga na sisi tumesimama. Kimutai akakimbia kwa trekta yake. Mama akaniambia, "Tyson, zunguka upande ule, panda." Nikapanda. Ningefanya nini? Hajasomea leseni. Ako na tani za miwa mgongoni. Tukisonga nashika handbreki na mkono ya kulia, tukisimama naandika.

Nilitaka kumwambia gia ya kwanza iko wapi. Aliweka mwenyewe. Akaachilia klachi polepole, polepole, na lori ikatembea kama inabebwa. Mimi sijawahi itoa hivyo.

Kiti inainuka upande moja kila akikanyaga. Anaikalia tu. Ameuma mdomo. Machozi inashuka na haifuti.

Na mguu yangu! Huku mbele ya abiria kuna nafasi. Nimeinyoosha yote mpaka chini ya dashbodi. Kidole kubwa kimerudi, kinawasha kama siafu. Sijui nilie ama nicheke.

Tumebakisha trekta ya Kimutai halafu ni geti. Kimutai amegeuka anatuangalia, ameinua mkono, sijui anatusalimia ama anatuonya.

Ameingia sasa. Sisi ndio mbele.

Askari wa geti anakuja na karatasi zake. Huyo ananijua. Atauliza dereva ni nani, wanaulizanga kila siku, na anaandika jina. Nikisema ni mimi, Mama atashuka, mizani nitaingia mimi, na hatakuwa amefikisha. Nikisema ni yeye, ataitishwa leseni.

Mama hajashuka. Mikono yote mbili iko kwa stering. Hata haniangalii.

Askari amefika kwa bampa. Anaangalia upande wa dereva. Sasa anaangalia mimi.