Kisanduku cha Siku Saba

Jumapili, 3 Machi
Mume wangu amejaza kisanduku cha dawa. Vyumba saba, siku saba. Tangu nipatwe na sonona kazi hiyo ni yake — mimi nilikuwa nasahau, au nameza mara mbili. Asubuhi ananitilia kidonge mdomoni nikiwa nusu usingizini, nameza na maji. Dawa imenisaidia, sitasema uongo. Nafua, napika, naenda kazini kukata vitambaa. Ila mwili umelala fofofo. Miezi minane! Juzi nilimwambia akinigusa najiona kama meza inayofutwa vumbi. Mdomo wangu huu. Tangu hapo analala kanipa mgongo.

Jumatano, 6 Machi
Wifi kaja na begi lake la virutubisho. Vya wanawake, anasema, mizizi mitupu, vinaamsha hamu. Mbele ya kaka yake! Nilitamani ardhi inimeze. Tena eti havichanganywi na dawa za hospitali, mtu achague. Nikasema nitamuuliza daktari. Akacheka: aliyekulaza ndiye atakuamsha, wifi yangu? Mume wangu alikishika kichupa kimoja cha vidonge vya kahawia muda mrefu, anasoma.

Alhamisi, 14 Machi
Kizunguzungu. Nikigeuza shingo, kama cheche za umeme zinapita kichwani. Fundi mkuu anasema nisije kazini na njaa. Nilikuwa nimekula.

Jumatatu, 18 Machi
Jana nimemtamani mume wangu. Mimi! Nilimshika mkono mwenyewe. Baadaye alilia, akageukia ukutani nisimwone. Leo kaoga akiimba. Sijui nimepona?

Ijumaa, 22 Machi
Nimekata mapazia ya mteja mafupi. Pande zote mbili. Miaka kumi na moja nakata, sijawahi. Fundi mkuu hakugomba, aliniuliza tu kama nyumbani kwema. Nikaenda kulia stoo, juu ya majora.

Jumapili, 24 Machi
Sikutoka kitandani. Nimeanza kufikiria tena lile la mwaka jana. Sitaliandika.

Jumanne, 26 Machi
Kliniki. Nesi hutaka tuje na dawa zetu, nikampa kisanduku. Akafungua. Akafungua chumba cha pili, cha tatu. Dada, hivi ni nini? Nikatazama kwa mara ya kwanza. Vidonge vya kahawia. Vyangu ni vyeupe.

Akauliza nani anajaza. Nikasema mimi.

Kwa nini nimesema mimi? Alinigombeza sana, kwa huruma lakini. Daktari akaniuliza kama lile la mwaka jana limerudi, kama nawaza kujidhuru, nikamjibu ukweli. Kaandika dawa upya. Nianze leo jioni, nisiruke hata siku moja, na nyumbani awepo mtu anayejua.

Nyumbani ni mume wangu tu.

Sasa ni saa moja. Pakiti iko mkobani. Anaongea tangu nifike, kacheka mara tatu, na mimi naona miezi yote minane aliyokuwa hacheki. Nikimwambia, itabidi nimwambie na la Jumapili. Atajua ni nani aliyenifikisha pale. Hasira ninayo, tena nyingi. Alinichagulia!

Anauliza naandika nini. Nimesema orodha ya dukani. Amekaa ukingoni mwa kitanda, mkono wake begani kwangu.

Bega linausikia. Nikimeza, litalala tena. Nisipomeza —