Saa ya Kornelia

Jumanne, 30 Julai 2024

Nimetia saa ya Kornelia ufunguo, kisha chai. Ndiyo kazi yangu ya kwanza kila asubuhi tangu mke wangu alipofariki, mwaka jana mwezi wa tano. Zangu mimi, zile za zamani nilizokusanya, zimelala sandukuni, zimesimama zote. Sina hamu nazo. Sina hamu tu.

Yake ni ndogo, ya Kirusi. Nilimnunulia kambini Mishamo, Tanzania, tulipokuwa wakimbizi. Tanzania wako mbele yetu kwa saa moja. Tuliporudi Burundi, hapa Rumonge, mimi nilirudisha mishale yangu nyuma. Yeye alikataa! Alisema yeye amehamishwa mara mbili, inatosha, saa yake haihami. Miaka yote hiyo akawa anafika misani kabla ya padri.

Tangu vidole vyake, hakuna aliyeigusa mishale ile. Inakimbia kidogo, imeshaongeza dakika kadhaa. Naiacha. Ila isisimame. Ikisimama, lazima mtu aipange upya, na hapo itakuwa saa ya mtu huyo.

Ijumaa, 2 Agosti

Kankindi, mdogo wake Kornelia, amekuja na chakula na habari. Kuganduka ni tarehe kumi na saba. Naeleza kama vile kuna mtu atasoma — mazoea ya darasani: ndiyo siku ya kuumaliza msiba. Ndugu wanakunywa, wanasema ya marehemu, vitu vyake vinagawiwa, na mgane anaruhusiwa kuishi tena kama watu.

Vitenge vya Kornelia kwa dada zake. Saa kwa Jovita, binti yetu aliyeolewa akabaki Tanzania, Mpanda. Ameomba hiyo tu.

Nimesema sawa. Ni haki yake. Kankindi akaniuliza, shemeji, unaumia? Nikamjibu kwamba wali ulikuwa mzuri.

Jumatano, 7 Agosti

Sokoni, kwa Mansuri fundi saa. Anazinunua kwa wanaovuka kutoka Kongo. Saa za mababu, hazina betri, watu wa simu hawazitaki tena. Ndiyo maana hata mwalimu mstaafu anazimudu. Nimemwambia natafuta pacha wa ile ya mke wangu.

"Ya mama si iko kwako, mwalimu? Hii ya pili iko ya nani?"

Nikainamia meza yake, nikatazama saa.

"Eh! Hata kuganduka bado, na mzee anatafuta montre ya bibi-arusi!"

Jamila wa jirani, muuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, akanyoosha mkono: "Mwalimu, upime hapa, iko mwembamba!" Wamecheka sana. Na mimi nilicheka, nafikiri.

Jumatatu, 12 Agosti

Ameipata! Imetoka mji wa Baraka, ng'ambo ya ziwa, Kongo. Uso uleule, namba zilezile.

Nimeikagua kama siku zote. Usinunue saa kwa uso, uso hung'arishwa. Kwanza sikioni. Kisha kifuniko cha nyuma, kutazama kutu. Kisha kuzungusha mishale polepole, kuona kama inakwama. Haikukwama. Mansuri akataja yake, nikataja yangu, tukakutana katikati. Akanishukuru: murakoze, mwalimu, umusalimie bibi-arusi.

Nyumbani nimehamisha mkanda. Ule mkuukuu wa Kornelia, uliokuwa mweusi kwa mawese aliyokuwa akikamua kule kijijini Kizuka, nimeufunga kwenye hii mpya. Nikapanga mishale kwa kufuata yake, pamoja na zile dakika za ziada. Zikawa zinakwenda sambamba mezani. Jovita atapewa hii. Ya mama yake itabaki nami.

Nilitazama moyoni kama kuna aibu. Hamna kitu.

Alhamisi, 15 Agosti

Jovita amefika, kwa njia ya mpakani Manyovu. Amenenepa. Anatembea kama mama yake.

Jumamosi, 17 Agosti

Watu tangu alfajiri. Viti, kreti za Fanta, mapipa ya urwagwa, pombe ya ndizi — wote wananiuliza mimi, liwekwe wapi hili, mzee? Hotuba nne. Moja ilikuwa nzuri.

Kankindi alipoitangaza saa, nilimfunga Jovita mkononi mimi mwenyewe. Akaunusa mkanda. "Baba, bado una mafuta yake." Akalia. Watu wakalia. Mimi nilikuwa nimeshika mfuko wa koti. Ile ya kweli ilikuwa humo.

Baadaye nikasikia Kankindi akimwambia airudishe nyuma hiyo saa, hapa ni Burundi. "Mama mdogo, usinianze!" Wakacheka. Nikaitwa kuaga wageni. Sikuona kama aliirudisha.

Jumapili, 18 Agosti

Imesimama.

Jana sikuitia ufunguo. Zile kreti, wale watu — nikasahau. Leo nimeitoa kwenye koti nikaiweka sikioni. Kimya. Mishale iko saa nne na robo.

Naweza kuipanga kwa simu na kuongeza saa moja. Itakuwa saa ya simu. Ile saa ya Kornelia, mishale ilivyopangwa na vidole vyake, sasa iko mahali pamoja tu: kwenye ile ya Baraka niliyomdanganyia mtoto wangu. Kama hakuigusa. Na anaondoka — teksi ya kwenda Mabanda iko nje, dereva anapiga honi.

 

Nimemwita kupitia dirisha. Jovita, saa yako inasema saa ngapi?

"Ai, Baba! Una sanduku zima la saa humo ndani, unaniuliza mimi?"

Isome tu, mama. Usiiguse.

Ameuacha mlango wa teksi. Kisha: "Ngoja nije."

Anakuja. Viatu vyake viko barazani. Ya mama yake iko hapa mezani, haina mkanda. Leso yangu iko karibu. Sijaifunika saa.