Niliongea Siku Nzima kwa Ajili ya Mashine, Sasa Naitwa Mama wa Mfano

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie, na shikamoo kama umenizidi umri, kama hujanizidi basi ipokee hivyohivyo maana kalamu hii ni ya binti yangu wa shule na anaitaka. Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani, sare za shule na magauni ya wanawake, darasani nilifika la nne tu kwa hiyo nisamehe nikiandika bila kupumua. Sina ugomvi na mume wangu, sina ugomvi na mawifi, nyumbani kwetu ni raha tu namshukuru Mungu, ila nimefanya jambo na linanikaba kila nikimwona jirani yangu.

Nina watoto watatu, wote wa kike, huyu wa mwisho ana miaka miwili na nusu, tunamwita Kifungo kwa sababu alimeza kifungo cha shati la mteja tukakaa siku mbili tunakisubiri. Miezi mitatu iliyopita walikuja watafiti wa chuo, dada mmoja mpole mwenye miwani na mwenzake mwanamume mwenye kalamu nne mfukoni, wakasema wanachunguza jinsi akina mama wa nchi mbalimbali wanavyolea watoto, wameshapita nchi nyingine nne na vipimo vilevile, ili walinganishe. Nikakubali. Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye, alikubali kunizidi, aliwapa viti kabla hawajamaliza kujitambulisha.

Siku ya kwanza ilikuwa ya maswali. Yule dada akauliza, "Mara ngapi kwa wiki unakaa chini kucheza na mtoto wako?" Nikamuuliza kucheza vipi. "Kucheza tu mama, wewe na yeye." Mama mkwe akadakia, "Huyu acheze saa ngapi na ana sare arobaini mezani? Mtoto anacheza na watoto wenzake!" Niliona aibu, mshauri, nikasema kila siku. Dada akaweka alama kwenye kisanduku, tukaendelea.

Wiki iliyofuata tukaitwa zahanati, kwenye chumba chenye zulia na midoli, na mwanamke nisiyemjua amekaa kwenye kiti. Nikaambiwa nikae na Kifungo kidogo, halafu nitoke nimwache na yule mwanamke, wao watatazama kupitia kioo. Nilitoka, nikasimama ukumbini nasubiri kilio. Nikasubiri. Hakuna kilio. Kuja kurudi ndani, namkuta Kifungo kakaa mapajani kwa yule mwanamke anamkagua mshono wa blauzi, akanitazama, akasema, "Mama, hapa pamefumuka," akaendelea na ukaguzi wake. Nikamuuliza yule wa kalamu nne, "Vipi, amefaulu?" Akasema, "Hapa hakuna kufaulu wala kufeli, mama," lakini nilimwona anaandika mistari mitatu, tena mirefu.

Nilipomsimulia wifi yangu akashika kiuno. "Mtoto asiyemlilia mama yake huyo hamjui mama yake. Nilisikia redioni." Tangu hapo sikuwa na amani, namtazama Kifungo anacheza najiuliza, huyu kweli ananihesabu mimi kuwa mama yake au ananihesabu pamoja na wateja?

Sasa ikaja siku ya kizibao. Ni kizibao cha mtoto chenye mfuko kifuani, na ndani ya mfuko kuna kimashine kinachosikiliza mchana kutwa, halafu kompyuta yao inahesabu watu wazima wamemwambia mtoto maneno mangapi. Dada wa miwani alinisisitizia mara tatu, "Mama, ishi kama siku zote." Siku zote zangu mimi, mshauri, midomo imebana pini. Siwezi kuongea, nikiongea nitameza. Kifungo anakaa chini ya meza kwenye vipande vya vitambaa, nikinyoosha mkono hivi ananipa chaki, nikinyoosha vile ananipa futi ya kupimia, mkasi anajua hauguswi, hakuna aliyemwambia mara mbili. Maneno anayapata kwa bibi yake jikoni, kwa dada zake wakirudi shule, na kwa wateja wanaompokezana kama mzigo wa sokoni. Ndivyo tunavyoishi.

Siku ile nilizitia pini zote kwenye kopo nikafunika. Na nikaongea! Nilimtajia Kifungo rangi ya kila uzi, nikamhesabia vifungo, nikamsomea pakiti ya sabuni mbele na nyuma mpaka lile onyo la kutoingiza machoni. Nilipokwenda chooni nilimwita wifi ashike zamu. Ilipofika mchana mtoto akanitazama kwa muda, akainuka polepole akaenda jikoni, nikamsikia anasema, "Bibi, mama anaumwa." Jioni sauti ilikuwa imekwisha kabisa, na sare hata moja sikuigusa.

Wiki iliyopita dada wa miwani amekuja anatabasamu mpaka masikioni. Eti kwa maneno nyumba yangu imetoka ya kwanza katika mtaa wote, na Alhamisi ijayo ananiomba nisimame zahanati mbele ya akina mama thelathini niwaonyeshe jinsi ninavyozungumza na mtoto. Mama wa mfano! Mama mkwe akapiga kigelegele hapohapo, na mimi nikacheka tu kama mjinga.

Kesho yake nikaenda kwa jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Tunamwita Mama Taratibu kwa sababu haongei ovyo, lakini mwanawe akijikwaa yeye keshamdaka kabla hajagusa chini. Naye alivalishiwa mwanawe kizibao, naye aliishi kama siku zote, kama tulivyoambiwa. Nyumba yake imetoka ya mwisho. Amepewa karatasi yenye picha ya mama anayeongea na mtoto, ameibandika ukutani. Nilimkuta anamfuata mwanawe kila aendako, "Hiki ni kikombe. Hiki ni kikombe. Huu ni mlango," na mtoto kajificha nyuma ya huo mlango. Akaniambia macho yamelowa, "Fundi, wewe unamwambia nini mwanao mpaka unafika idadi ile? Nifundishe. Sikujua kama namnyima." Mshauri, nilisema nimeacha pasi kwenye moto nikakimbia.

Sasa nifanyeje? Nikisema ukweli watajua mimi ni mama wa pini mdomoni, na mtoto wangu hakunililia, watayaweka mawili hayo pamoja waseme ndiyo sababu, na mama mkwe keshawatangazia watu. Nikinyamaza nitasimama Alhamisi niwafundishe wenzangu kitu nilichokifanya siku moja tu mtoto akadhani naumwa. Na nieleze lile jingine bila kunificha, mbona mwanangu hakulia?

Ni mimi Fundi, Mama Kifungo.

JIBU LA MSHAURI

Mama Kifungo, marahaba, nimekuzidi umri, tena sana.

Nianze na swali lako la mwisho maana ndilo linalokunyima raha. Mwanao hakulia kwa sababu hakuona cha kulilia. Kipimo kile cha chumba kinategemea kwamba mtoto akiachwa na mgeni atatishika, na kwa mtoto anayekaa na wazazi wake wawili tu mlango ukiwa umefungwa, huenda ikawa hivyo. Wa kwako anashikwa na wageni kila siku kabla ya chai ya saa nne. Mgeni kwake ni mteja, na mteja anakaguliwa mshono. Halafu uliporudi alikutazama, akakupa taarifa ya kazi. Ulitaka nini zaidi, akuandikie barua? Mtoto anayekuja kukwambia wewe kwanza kwamba pamefumuka anajua vizuri mama yake ni nani. Huyo wifi mwambie mimi nimemkataza kusikiliza redio kwa wiki mbili.

Hilo limekwisha. Sasa kaa vizuri nikugombeze.

Mteja akija kwako kupimwa gauni akavuta tumbo ndani, unafanyaje? Najua unachofanya, unamwambia, "Pumua dada, mimi sikupimi kwa ajili ya picha." Kwa sababu akitoka hapo tumbo litarudi na gauni litambana, na atakuja kukulaumu wewe. Wewe mama ulivuta tumbo mchana kutwa, pamoja na wifi wa zamu! Na kipimo hicho hakikubaki kwako. Kimewekwa pembeni ya Mama Taratibu, ambaye alipumua kama alivyoombwa, na yeye ndiye anayelia. Kikiachwa hivyo kitawekwa pembeni ya akina mama wa nchi nyingine nne ambao hata hawakujui. Kosa lako ni dogo kama kizibao chenyewe, lakini limeshamfikia mtu wa ukuta kwa ukuta, na umemkimbia kwa kisingizio cha pasi. Aibu hiyo ndiyo ya kwako. Ile ya pini mdomoni si aibu.

Na watafiti wasidhani nimewasahau. Jibu la kweli kuliko yote siku ya maswali lilitoka kwa mama mkwe wako, kwamba mtoto anacheza na watoto wenzake, na kwa jinsi ulivyonisimulia hakuna aliyeliandika, kwa sababu kisanduku kilikuwa kinamngoja mama peke yake. Kimashine chao kinasikia maneno ya watu wazima. Hakihesabu dada wawili wanaomfundisha mdogo wao wimbo, na hakioni chaki ikitoka mkono mdogo kwenda mkono mkubwa bila neno. Kinaweza kuwa kimashine kizuri, sikatai. Ila siku moja ya kizibao ni siku ya wageni, na nani huwa wa kawaida siku ya wageni? Kisha wamegawa karatasi ya picha wakati bado wanapima. Nguo haijakatwa, wao wameshaanza kuipunguza.

Lakini usiwachukie wala usiwafungie mlango. Watu waliotoka kwao kuja kukuuliza unaleaje wanastahili kujibiwa, na hawawezi kujua ulichowaficha. Wengi wa kazi hiyo, ukiwaambia ukweli, watakushukuru kuliko ulivyofikiri. Wakikasirika, watakasirika siku moja, wewe una sare za kushona.

Kwa hiyo fanya hivi. Leo, ukishaweka gazeti chini, nenda kwa Mama Taratibu. Nenda peke yako, usipeleke mama mkwe wala wifi. Mwambie kuhusu kopo la pini, pakiti ya sabuni, na mtoto aliyekwenda kumshitakia bibi yake. Mwache acheke au akununie, kisha mwombe aitoe ile karatasi ukutani. Mwanawe atatoka nyuma ya mlango mwenyewe.

Jumatatu nendeni wawili, wewe na yeye, kwa dada wa miwani. Useme hivihivi, usipambe: "Siku ya kizibao sikuishi kama kawaida, na kwenye fomu nilijibu kwa aibu. Naomba mfute, mpime upya." Akikuuliza upya vipi, mwambie kizibao kivaliwe wiki nzima, kwa sababu hakuna anayeweza kuvuta tumbo wiki nzima. Mwambie pia aje na kigoda na daftari, akae chumbani kwako tangu asubuhi bila kuuliza kitu, aandike nani anampa nani nini, nani anamwimbia, nani anambeba. Siku inayofuata akakae kwa Mama Taratibu. Na aulize wakubwa zake, huyo wa kwanza aliyeyatunga maswali yale aliyatunga akiwa ndani ya nyumba ya nani.

Kuhusu Alhamisi, akikufutia nafasi ya kusimama mbele ya watu, mshukuru. Akikuachia, simama, lakini usifundishe mtu kuongea. Wasimulie ile siku yako ya kizibao yote, usiache hata onyo la machoni. Watacheka mpaka wafute machozi, na baada ya hapo, niamini mimi, kuna akina mama thelathini watakaojibu fomu kwa ukweli. Hapo ndipo utakuwa wa mfano. Mama mkwe akinuna, mwambie ni yeye aliyejibu vizuri tangu siku ya kwanza, uone kama hatapiga kigelegele kingine.

Ukimaliza rudi nyumbani. Fungua lile kopo, bana pini zako mdomoni, kaa kwenye cherehani yako. Nyoosha mkono bila kusema kitu. Chaki itakuja.