Jina la Baba Ndani ya Programu ya Gosbert

Vero uko wapi? Nimetoka mkutanoni Kituntu sasa hivi.

Gosbert kasimama mbele ya chama cha wakulima, kawaonyesha programu ya kupimia kahawa, kasema, "Nimeiandika peke yangu." PEKE YANGU! Ile niliyoihangaikia mimi mwaka mzima pale kwa mama!

Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga, Vero. Nilipigwa na butwaa.

Nikaliomba faili, eti nikalijaribu kwenye laptop yangu. Nikaandika nm, amri inayoorodhesha majina niliyozipa sehemu za programu. Tupu! Kayafuta yote kwa amri ya strip. Na strip nani alimfundisha? Mimi mwenyewe, siku ile tumekaa uani tunanyonyoa senene.

Basi nikaandika strings, inayotoa maneno yote yanayosomeka ndani ya faili. Hiyo sikuwahi kumfundisha. Ikatoka: "Ta Placidius, Rugera, kilo 40."

Baba yangu, Vero, kama alivyoitwa pale kijijini Rugera. Nilikuwa naijaribu programu kwa jina lake.

Nikamgeuzia skrini, mwenyekiti anaona. Nikamuuliza, "Gosbert, huyu ni nani?"

Hata hakupepesa macho. "Aah, huyo mkulima wa kubuni tu. Niliweka jina lolote."

Wa kubuni! Jina lolote!

Vero, si Gosbert huyu huyu aliyetangulia na msalaba wenye jina hilo siku tunamzika baba?