Kisanduku cha Kwanza

Jumanne jioni, Kikula

Na leo tena mtandao wetu wa mtaa ulikatika, siku ambayo haikupaswa kabisa.

Mama Henriette, jirani yangu, anangoja habari za binti yake aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa kule Kakanda. Simu yake haina uniti, hawezi kupiga wala kununua intaneti. Anategemea visanduku vya Wi-Fi nilivyofunga juu ya mapaa, nikavitia programu ya bure, vipokezane mtandao nyumba kwa nyumba. Kimoja kikizimwa, wa nyuma yake wote wanakosa.

Nilipanda mapaa matatu. Cha jirani mwingine, Mama Ngalula, kilikuwa kimezimwa.

"Papa Trésor, minye shiko naangalia kitu mu simu, njo maana nimezima," akasema, kana kwamba kisanduku kisipotumiwa na yeye hakina kazi.

Nikamfokea mbele ya watu, mama wa umri wa mama yangu. Tukakiwasha, na bado mtandao haukurudi.

Nikarudi nyumbani. Kisanduku changu, cha kwanza kabisa, mtandao unapoingilia mtaani, kilikuwa kimechomolewa. Nilikichomoa mwenyewe asubuhi, nipate pa kuchomeka pasi ya shati.

Nilipokichomeka, simu ya Mama Henriette ikalia. Ujumbe wa binti yake uliandikwa saa tatu asubuhi, kumwita aende haraka: "Mama, kuya mbio."

Magari ya kwenda Kakanda yamekwisha kuondoka leo. Kisanduku changu kinawaka vizuri sana.